Mtoto Aliyeitwa Loti

Shumaisi, Riyadh
9 Januari 2025

Nyaminwa, dada yangu Pauline,

Barua hii ikikufikia ikinuka vitunguu, mlaumu Fred. Basi analoliendesha kuja Jeddah safari hii limejaa magunia ya wafanyabiashara wa soko la Batha hadi viti vya nyuma, na bahasha yangu ameichomeka humo humo. Najua utauliza kwa nini sikungoja Ijumaa, siku ambayo madam wa nyumba unayofanyia kazi hukurudishia simu. Ijumaa wewe hutaka kucheka, na ni haki yako. Hili linataka mtu aliyekaa chini.

Leo Riyadh imefunikwa na vumbi la rangi ya chai ya maziwa. Nimekaa katika kibanda changu cha ulinzi nikaliona jengo la mbele likififia, kisha barabara, kisha lango lenyewe ninalolilinda. Asubuhi nzima nililinda kitu nisichokiona. Nikacheka peke yangu, maana hata nilipokuwa mwalimu wa historia kazi ilikuwa hiyo hiyo.

Basi sikia. Kuna taasisi ng'ambo inayotoa ufadhili kwa watafiti wa Maangamizi ya Wayahudi, yale ya wakati wa Hitler, ambao hawana kazi ya kudumu katika chuo chochote. Hapo mwisho pasome tena. Nimefundisha vyuo vitatu Kenya kwa mikataba ya muhula, nina shahada ya uzamifu, nimeandika juu ya Wayahudi waliokimbilia nyanda zetu za juu, na kote huko kukosa kiti kulikuwa aibu yangu. Hawa wameigeuza kuwa sifa. Ni mwaka mmoja wa kusoma, kusafiri kwenye nyaraka na kuandika kitabu.

Mkataba wangu hapa unaisha Juni, na bosi anataka kujua mwezi wa tano kama aniongezee ikama, kibali cha kuishi hapa. Nikiongeza, ni miaka miwili mingine kibandani, na sidhani nitatoka humo nikiwa bado mtafiti. Elimu yangu naiona ikififia, Pauline, na inaniogopesha.

Wanataka habari mpya. Ninayo moja tu ya kuanzia: Grete Wollmann, aliyetoroka mji wa Breslau na mumewe wakaanzisha shamba karibu na kwetu Koru. Dani, nyanya yetu mzaa mama, ndiye aliyekuwa mtumishi wa nyumba ile. Kwenye tasnifu yangu nilimwandika Grete kwa urefu, lakini Dani sikumtaja, kwa sababu ya kile kijiko cha fedha ambacho ukoo mzima unajua kwamba alikiiba akafukuzwa. Wewe ndiye uliyemuuguza siku zake za mwisho. Alikuambia nini kuhusu nyumba ile?

Mlinzi wa vumbi,
Dominic


Jeddah
20 Januari 2025

Owadwa, kaka yangu, Daktari usiye na sindano,

Barua ilinuka vitunguu kweli. Madam alisimama mlangoni akauliza kama nimeficha sambusa, nikamwambia mafi sambusa, hakuna, ni kaka yangu. Akaniangalia kwa huruma.

Hongera kwa hiyo nafasi. Nimefurahi hadi nimeunguza kola ya kanzu ya baba mwenye nyumba. Siku zote nilisema kuna mtu mahali fulani anayetafuta mtu kama wewe, ila sikujua kwamba angetangaza.

Huku mvuke wa bahari unatulia kwenye vioo asubuhi hadi mtu hajui kama kumekucha. Baada ya chakula cha mchana wote hulala, hata paka, na nyumba inakuwa kama imezama majini na samani zake zote. Mimi hukaa kwenye chumba cha kufulia, nguo zinazunguka, na usingizi unanichukua nikiwa nimekaa. Naota mambo ya Koru. Naota uani kwetu kunanyesha na kuna mtu amesimama mvuani. Nikiamka, ni mashine inamimina maji.

Kuhusu Dani nitakuambia moja tu. Hakuiba. Kijiko hakikuwepo kabisa. Lakini funika kombe mwanaharamu apite, Dominic. Andika juu ya wazungu waliokimbia, wako wengi, kila mmoja na sanduku lake. Dani muache.

Na nakuomba usimpigie Mama kumuuliza. Muulize mahindi yameendeleaje. Usiamshe aliyelala, utalala wewe.

Mitchelle wangu ameniambia sauti yake imekuwa nzito kama ya mtu mzima. Nilimwacha mtoto kwa Mama, sasa nina mwanamke wa miaka kumi na minne.

Nduguyo asiyejua kunyamaza ila hapa tu,
Pauline


Shumaisi, Riyadh
2 Februari 2025

Pauline,

Mtu hamwambii mwanahistoria kwamba kijiko hakikuwepo kisha akamwambia aulize mahindi. Umenifungulia dirisha ukanipiga nalo usoni.

Nimepita hatua ya kwanza. Wameniandikia kwa heshima, "Mpendwa Dakta," nikasoma nikiwa nimevaa ile fulana ya ulinzi yenye mistari inayong'aa. Kufikia katikati ya Machi wanataka pendekezo kamili, na wamesema wazi kwamba kilichowavutia ni uhusiano wa wakimbizi na watu waliowahudumia. Hakuna aliyeliandika hilo kutoka upande wetu. Bila Dani sina pendekezo, na bila pendekezo nitatia sahihi karatasi ya bosi.

Derrick, tunayelala naye chumba kimoja, alinikuta nikisoma kwenye simu. Akaniambia, "Buda, unasomea watu walikufa kitambo, na wenye wako hai hawakulipi. Si ungechukua tu kazi ya dere, uendeshe gari?" Nilimwambia kwamba wale watu waliuawa na waliowaua wakataka wasahaulike pia, ndiyo maana mtu akiwakumbuka hata kutoka kibandani anaharibu mpango wa wauaji. Akafikiri kidogo akasema, "Hiyo iko sawa. Lakini dere analipwa vizuri."

Jana nilijaribu kukumbuka meli iliyomfikisha Grete Mombasa. Zamani ningeitaja usingizini. Jina lilikataa kuja, nikatoka nje nikasimama juani kama aliyepotelewa na mtoto sokoni.

Niambie. Nikiona ni jambo la kuficha, nitalificha pamoja nawe. Mimi pia ni mjukuu wake.

Dominic


Jeddah
16 Februari 2025

Owadwa,

Haya. Wamelala, mashine inazunguka, na mimi nimechoka kulibeba peke yangu.

Kwenye ile nyumba kulikuwa na picha ambayo Dani aliipangusa kila asubuhi. Msichana wa nywele fupi, amevaa koti, anamchekea mtu ambaye haonekani pichani. Memsahib Grete alimwambia, huyu ni mdogo wangu, Lotte, alibaki kwetu Breslau kwa sababu karatasi zake za kusafiri hazikutoka. Dani akawa akimwita Loti na kumsalimu akimpangusa. Halafu barua za Loti zikakoma. Memsahib alimtuma mtu posta kila mara, na kila mara alirudi na magazeti tu.

Wakati huo ndipo Dani alipomzaa Mama. Mtoto akalia. Wewe unajua kwetu: mtoto akilia bila kukoma, kuna aliyekufa anayedai jina. Wakaita majina ya wafu wote wa ukoo, mmoja mmoja, mtoto akazidi kulia. Kisha Dani akaota. Yule msichana wa pichani amesimama uani, mvua inamnyeshea na koti lake. Dani akamwambia karibu, naye akaingia akakaa karibu na moto. Basi. Dani alipoamka akamwinamia mtoto akamwita, Loti. Mtoto akanyamaza, akanyonya, akalala.

Dani alifurahi, Dominic. Akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kuku, akaenda nyumba kubwa kumwambia Memsahib kwamba mdogo wake amefika na amepata kwao.

Memsahib hakupiga kelele. Aliichukua ile picha akaifunika uso kwenye meza, akamwambia Dani aondoke asirudi. Dani alikuja kujua baadaye kutoka kwa mpishi: wale watu nao humpa mtoto jina la marehemu wao, kama sisi. Lakini jina la aliye hai hawalitoi kamwe, maana ni kumwita mauti. Kwa hiyo Memsahib alielewa kila kitu. Mtumishi wake alikuwa amekuja na kuku kumwambia kwamba mdogo wake amekufa, siku ambazo yeye bado alikuwa anatuma mtu posta.

Vita vilipoisha ikaja habari kwamba Loti hayumo miongoni mwa walio hai. Shambani watu wakasema ni lile jina lililomuua. Wengine walidhani alifukuzwa kwa kuiba kijiko, na Dani akaacha kijiko kizungumzwe. Aliniambia mwenyewe, mkono wake mkononi mwangu: afadhali niitwe mwizi wa kijiko kuliko niliyemuua mtu kwa jina. Aliniambia pia kwamba kabla Memsahib hajauza shamba, alikuja siku moja akasimama nje ya ua wetu, akasikia mtoto akiitwa, akaondoka bila kubisha.

Sisi tulikua tukidhani Mama aliitwa jina la yule Lutu wa Sodoma, tena likaandikwa vibaya. Kanisani ni Dorcas, na Loti ni la nyumbani, nani angechunguza jina la mamake? Lakini jiulize: umewahi kumwona Mama kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina? Hata ya Mitchelle alisema mguu unamuuma.

Usiku wa kuamkia safari yangu ndipo alipoufungua moyo. Mama ana swali moja tu, na aliliuliza hivi: Siku niliyoitwa Loti, yule dada alikuwa amekufa au alikuwa hai? Kama alikuwa amekufa, alikuja mwenyewe, na jina ni halali yangu. Kama alikuwa hai, basi tulimzika akiwa anapumua. Mama amevuka themanini na bado anaulizia hilo.

Sasa unajua. Usiandike hata mstari kabla hajakuruhusu, na hatakuruhusu kabla hajajua.

Pauline


Shumaisi, Riyadh
1 Machi 2025

Nyaminwa,

Nimesoma barua yako mara nyingi hadi karatasi imelainika kama kitambaa. Nilimwandika Grete kurasa na kurasa, na sikujua kwamba maisha yake yaligusana na yetu hadi kwenye jina la mamangu. Nimelia kidogo. Derrick alidhani ni vumbi, nikamwacha na imani yake.

Jina la ukoo wa Grete kabla ya kuolewa nilikuwa nalo: Perl. Kwa hiyo nilijua ninayemtafuta ni Lotte Perl wa Breslau. Ziko orodha za waliochukuliwa, zimewekwa wazi kwenye mtandao kwa mtu yeyote. Nilitafuta adhuhuri, barabara imenyamaza kwa swala na joto, kiyoyozi cha kibanda kinanguruma. Nikamwona. Charlotte, aliyeitwa Lotte. Alipandishwa treni kwenda mashariki, Poland, Aprili 1942. Wanahistoria wanasema wengi wa treni zile walikuwa wamekufa kabla mwaka haujaisha.

Mama alizaliwa Februari 1943.

Nilimpigia. Nikamwambia, "Mama, yule dada alikuwa ameshatangulia. Alikuja mwenyewe." Akauliza, "Una hakika, wuoda, mwanangu?" Nikasema ndiyo. Akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mtungi. Kisha akasema, "Basi andika. Dani wako asiitwe tena mwizi."

Nimeandika kwa wiki nzima, kwa simu, kwa dole gumba, na sijawahi kuandika vizuri namna hii. Jana nimetuma. Leo mfungo umeanza, mtaa mzima umelala mchana, na mimi niko macho na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Dominic


Jeddah
14 Machi 2025

Owadwa,

Ramadhani ya nyumba hii ni kazi juu ya kazi, mikono yangu inanuka jibini na maji ya waridi, kwa hiyo nitaandika kidogo.

Mitchelle amesema Mama alikwenda kwa jirani kumwona mtoto mchanga, akakaa hadi jina likatolewa, tena akampakata. Akarudi akiimba. Mitchelle aliniuliza, "Mum, shosh ako sawa kweli?" Nikamwambia yuko sawa kuliko sisi sote.

Jana nilimwota Loti. Alikuwa kwenye chumba cha kufulia, amekaa juu ya kapu, amevua lile koti. Tulikunja taulo pamoja bila kuongea. Alikunja vizuri kunishinda, pembe kwa pembe. Niliamka nikiwa nimetulia, nikamsikitikia tu kwamba alilazimika kuja mbali hivyo.

Asante, kaka. Umemtoa Mama shimoni. Wakupe ufadhili wasikupe, mimi nimeshakupa.

Pauline


Shumaisi, Riyadh
24 Aprili 2025

Pauline,

Nimepewa. Ningependa barua iishie hapo.

Walinipigia kwa video nikiwa nimekaa kitandani, nimeinamisha simu ili wasione viatu vya Derrick. Walisema hadithi ya Dani na Grete ndiyo iliyowafanya wakubaliane wote. Wakasema nijibu rasmi kufikia tarehe 15 Mei. Nikatembea Shumaisi yote bila kujua ninakwenda wapi, nikanunua mkate ambao sikuuhitaji, nikawasalimu watu nisiowajua, wakanijibu kana kwamba tunajuana.

Siku tatu baadaye mhifadhi wao wa nyaraka, mama mmoja mpole sana, akanitumia zawadi. Alikuwa amemtafuta Lotte kwenye karatasi ambazo hazijawekwa mtandaoni. Alipata kadi moja. Kambi ya kazi huko Poland, chumba cha kushona sare. Agosti 1943. Nambari imeandikwa kwa wino, na jina pembeni kwa penseli, limefifia. Baada ya hapo hakuna kitu.

Agosti, Pauline. Mama alikuwa na miezi sita. Loti alikuwa hai siku ile Dani alipomwinamia mtoto akamwita. Alikuwa hai kuku alipofikishwa nyumba kubwa.

Mama aliniuliza kama nina hakika. Vitabu vilisema wengi, na mimi nikasema ndiyo. Nilitaka sana iwe ndiyo.

Nifanye nini?

Dominic


Jeddah
1 Mei 2025

Dominic,

Usimwambie.

Analala sasa. Anakwenda kwenye sherehe za watoto wa watu. Juzi amemwambia Mitchelle akizaa siku moja, asiogope kumpa mtoto jina lake. Amengoja maneno hayo maisha yake yote na wewe unataka kumnyang'anya kwa sababu ya kadi ya penseli.

Aliyekufa amekufa. Agosti au Aprili, hatarudi. Mama yupo. Chukua huo mwaka wao, andika ulivyoandika mwanzo, halas, yaishe. Nani atajua?

Pauline


Shumaisi, Riyadh
6 Mei 2025

Nyaminwa,

Nitajua mimi. Na yule mama wa nyaraka. Na Loti, kama wafu wanajua.

Usidhani nimekukasirikia. Umesema lile ambalo nilijiambia mwenyewe, na nililiamini kutwa nzima. Lakini ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho duniani. Alikaa kwenye chumba cha kushona, akatunga uzi kwenye sindano, akasikia njaa, pengine aliwahi kucheka na jirani yake wa benchi. Nikiandika kwamba alikufa kabla ya 1942 kuisha nitakuwa nimemwondolea hata huo. Waliomuua walimwachia kidogo sana, siwezi kuwa mimi wa kukichukua.

Na Mama siwezi kumwambia. Nimejaribu. Nimempigia mara tatu, mara tatu nimemuuliza mahindi.

Kwa hiyo nimeamua. Kitabu bila Loti si kile walichokikubali, na kitabu chenye Loti lazima kiwe na Agosti, kisha kuna siku kitafika Koru na Mitchelle atamsomea Mama kwa sauti. Nitawaandikia kwamba nashukuru lakini siwezi. Barua pepe iko tayari, nitaituma Alhamisi ya tarehe 15. Bosi nimemwambia pengine nitaongeza ile miaka miwili. Amefurahi, ameniahidi kibanda kipya chenye dirisha kubwa.

Nimesikitika, sitakudanganya. Nilikuwa nimeanza kujiita Dakta tena, kimoyomoyo, nikifungua lango.

Dominic


Jeddah
10 Mei 2025

Owadwa,

Usitume hiyo barua pepe. Fred ameapa kwamba hii itakuwa mkononi mwako Jumatatu. Sikukupigia jana baada ya kuongea na Mama kwa sababu ningelia, na wakati huo madam alikuwa jikoni pamoja nami akipanga tende.

Jana nilipopewa simu nilimpigia Mama. Hata salamu hatukumaliza. Akasema, "Dominic ana nini? Siku hizi ananiuliza mahindi tu. Mahindi hata hatujapalilia." Nikasema ana kazi nyingi. Akasema, "Pauline." Kwa ile sauti, unaijua. Basi nikamwambia. Nilikuwa nimekukataza wewe, na mimi mwenyewe sikuweza kumdanganya hata kwa pumzi moja. Nikamwambia Agosti. Nikamwambia chumba cha kushona. Nikamwambia, Mama, alikuwa hai.

Nilisikia jogoo wa kwetu, nikasikia mtu akipita na toroli. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, nguo zikizunguka, nikaona nimemuua mamangu kwa simu.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Huko kambini walikuwa wakimwitaje?"

Nikamwambia ulivyoandika, kwamba kuna nambari kwa wino na jina kwa penseli pembeni. Nikamwambia nadhani walimwita kwa nambari.

"Na dadake, Memsahib?"

Nikasema Dani aliniambia kwamba baada ya siku ile Memsahib hakulitaja tena jina hilo mbele ya mtu. Hakuweza.

Halafu Mama akasema haya, nami nakuandikia kama alivyoyasema, kwa sababu nimeyarudia kutwa yasinipotee.

"Sikiliza. Mimi nilikuwa mtoto wa kulia. Mamangu aliniita mchana kutwa. Loti nyamaza, Loti njoo unyonye, Loti tazama ng'ombe. Babangu akirudi aliita, Loti wangu yuko wapi. Kama yule dada alikuwa hai mwaka ule, na huko walimwita nambari, na ndugu yake alishindwa kumtaja, basi kulikuwa na nyumba moja tu duniani ambamo jina lake liliitwa na watu waliofurahi kuliita. Ni hapa kwetu. Hatukumzika, Pauline. Sisi ndio tuliokuwa bado tunamwita."

Nikalia. Akaniambia niache kulia, maji ya machozi yataharibu simu.

Amesema uandike. Amesema Agosti iwekwe, kubwa, isomeke. Amesema uweke pia kwamba Dani alibeba kuku. Na mwambie bosi wako shukran kwa dirisha, lakini umepata kazi yako.

Nikataka kumuuliza kama ana hakika, ila kuna mtu alimwita kutoka nje. Nadhani ni wifi yake. Aliita, "Loti, chakula kinapoa." Mama akaitika, akaniambia tutaongea Ijumaa, akaenda kula.

Pauline